Kura ya bakuli na kura ya sanduku: maongezi kuhusu Wagiriki wa kale

Haya ndo niliyoongea Jumamosi kwenye kikao chetu cha wasomaji. Wengine mlichelewa, wengine mkaniomba niyaandike, basi nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimetoa tu sehemu niliyokuwa nakohoa na zile dakika kumi umeme ulipokatika.

Shikamooni wakubwa. Vijana mambo. Na nyie mliokaa kule nyuma karibu na mlango kama mnaotaka kutoroka, viti vya mbele vipo, sogeeni.

Nimeambiwa niongelee Wagiriki wa kale, utamaduni wao, serikali yao na miungu yao, kwa saa moja. Saa moja jamani! Kuna watu wamezeekea kwenye hiyo mada na hawajaimaliza. Kwahiyo mimi nitashika kitu kimoja tu nitembee nacho kuanzia kwa Zeus mpaka mahakamani kwao, na hicho kitu ni neno letu wenyewe la Kiswahili. Neno kura.

Hebu nijibuni. Kina mama mkianza mchezo pale mtaani, mko kumi, mnachanga kila mwezi, mnajuaje nani apokee wa kwanza? (Mama mmoja akajibu: tunapiga kura.) Eeh, mnaandika namba kwenye vikaratasi, mnakunja, mnatia kwenye bakuli, mnatikisa, kila mtu anaokota cha kwake na hakuna wa kununa maana bakuli halina ndugu. Haya, siku ya uchaguzi mkienda kituoni mkaweka alama kwenye picha ya mgombea, hiyo nayo mnaitaje? Kupiga kura. Neno lile lile! Na asili yake ni Kiarabu, qur'a, na huko maana yake ni hii ya bakuli, ya bahati nasibu, ile ya sanduku imekuja kudandia baadae.

Kwenye Biblia iko wazi zaidi. Matendo ya Mitume sura ya kwanza, Yuda keshakufa, kuna nafasi moja, wameletwa wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya, wakapiga kura, kura ikamwangukia Mathiya. Hakukuwa na kampeni, Mathiya hakubandika bango hata moja. Na kile kitabu kiliandikwa kwa Kigiriki, neno walilotumia pale ni kleros, lishikeni hilo maana tutakutana nalo tena kwenye jiwe.

Sasa kwetu hizo kura mbili zimeingia nyumba moja zinaishi pamoja, wala hatuzitofautishi. Kwa watu wa Athens zilikuwa vitu viwili mbali mbali kabisa, na ukiwauliza ipi ndo ya demokrasia walikuwa wanakuonyesha bakuli. Sanduku waliliona mambo ya matajiri. Naona mnanikodolea macho, tulieni nitafika.

Tuanze juu kwa miungu. Zeus, Poseidon na Hades ni ndugu, baba yao Kronos, mama yao Rhea. Baba mwenyewe alikuwa anameza watoto wake kwa kuogopa wasije wakampindua, wakampindua hivyo hivyo. Baada ya baba kuondolewa ikabaki mirathi, na mirathi mnaijua nyie, hapo ndo ndugu wanapojuana. Kwenye Iliad, ule utenzi wa vita ya Troy wa Homer, kuna mahali Zeus anamtumia Poseidon ujumbe kwamba toka vitani haraka, Poseidon anawaka. Anasema huyu anajiona nani, sisi tuko watatu na heshima zetu sawa, tulipiga kura, mimi nikapata bahari, Hades akapata kuzimu, yeye Zeus akapata mbingu, lakini ardhi na mlima Olympus ni vya wote, kwahiyo abaki kwenye fungu lake asinipandie kichwani. Umeona? Mungu mzima anatetea haki yake kwa kutaja matokeo ya bakuli. Hasemi mimi nina nguvu, hasemi mimi mkubwa, anasema tulipiga kura. (Mwishoni anatoka vitani, ila ananung'unika.)

Lakini Wagiriki hawakuwa na msahafu mmoja. Nenda kwa Hesiod, mshairi mwingine wa zamani hizo hizo, yeye anasema baada ya kuwashinda Titan, wale miungu wa zamani wa kizazi cha Kronos, miungu wenyewe walimwomba Zeus awe mfalme kwa ushauri wa Gaia, yaani Dunia, halafu yeye ndo akawagawia wenzake vyeo. Kwahiyo hata huko juu kuna habari mbili, moja inasema waligawana kwa bahati sawa kwa sawa, nyingine inasema walimchagua mkubwa na mkubwa akagawa. Hizo kura zetu mbili zishaanza kugombana huko huko Olympus.

Kwenye Iliad hiyo hiyo Hector wa Troy anatoka anasema nileteeni mwanaume mmoja tupigane. Mwanzoni kimya, Wagiriki wanaangalia chini. Mzee Nestor akawasema wee, wakajitokeza tisa. Sasa nani aende? Kila mmoja akaweka alama yake kwenye kitu cha kuokota, vikatiwa kwenye kofia ya chuma ya Agamemnon, mkuu wa jeshi lao, mzee akatikisa, kimoja kikaruka nje. Mpiga mbiu akakizungusha kwa mmoja mmoja, huyu anasema sio changu, huyu sio changu, mpaka kikafika kwa Ajax akaitambua alama yake akafurahi. Maana yake walichora alama tu, hakuna aliyeweza kuisoma ya mwenzake. Napenda sana hicho kipande, inaonekana ule utenzi unakumbuka wakati ambao mashujaa hawajui kuandika.

Nichepuke kidogo. Waliokuwa wanaghani hizi tenzi mbele za watu waliitwa rapsodi, na hilo neno linatokana na kushona, mshona nyimbo. Kitenzi hicho hicho cha kushona ndo kimezaa jina la Rhapta. Karne ya kwanza baada ya Kristo kuna mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, akaeleza pwani yetu hii, yeye anaiita Azania, akasema soko la mwisho linaitwa Rhapta kwa sababu ya vyombo vyake vilivyoshonwa, na pale kuna pembe za ndovu nyingi na magamba ya kasa. Chombo cha kushonwa wazee wetu wa pwani wanakijua, mtepe. Kwahiyo kwa masikio ya Mgiriki fundi wa mtepe na mwimba tenzi wanafanya kazi yenye jina moja. Haya turudi.

Athens. Mji uko kwenye eneo la Attica, kabla hawajafika kwenye demokrasia walipitia kwa mabwana wakubwa, wakapitia kwa Solon mwaka 594 KK aliyefuta madeni na kukataza mtu kufanywa mtumwa kwa sababu ya deni, halafu wakapitia kwa Peisistratos. Huyu lazima niwasimulie. Alishatawala, akafukuzwa, anataka kurudi. Akatafuta dada mmoja anaitwa Phye, mzuri, mrefu, mwanahistoria wao Herodotus ametupa mpaka vipimo, dhiraa nne kasoro vidole vitatu. Wakamvalisha silaha kamili, wakampandisha kwenye gari la farasi, wakatuma watu watangulie mjini wakitangaza kwamba mungu Athena mwenyewe anamrudisha Peisistratos. Watu wakasali mbele ya yule dada na jamaa akapokewa! Herodotus anaona aibu kwa niaba yao, anasema Wagiriki ndo watu wanaosifiwa akili, na katika Wagiriki hawa wa Athens ndo wa kwanza kwa akili. Kwahiyo mkiona mwanasiasa anapanda jukwaani na mtu wa dini pembeni, mchezo huo una zaidi ya miaka 2,500.

Mwaka 508 KK anakuja Cleisthenes. Yeye mwenyewe ni wa ukoo mkubwa, sio mtoto wa maskini, ila alipobanwa na wakubwa wenzake akawageukia wananchi. Akavunja makabila manne ya zamani akatengeneza kumi mapya ya kuchonga, na kila kabila jipya akachanganya watu wa mjini, wa pwani na wa bara, ili mtu wa koo kubwa asijikute ana kabila zima la kwake nyuma yake. Majina yakachukuliwa kwa mashujaa wa zamani, yalipelekwa majina mia moja Delphi kwa yule mama mtabiri wa Apollo, yeye akachagua kumi. Yaani mipaka ya kisiasa ikapewa baraka za mungu na mashujaa wakawa babu wa watu ambao jana hawakuwa ndugu. Mimi naona hapo kuna ujanja mkubwa kuliko ule wa Phye, ila huu ulidumu.

Kukawa na baraza la watu 500, hamsini kila kabila, linaandaa ajenda za mkutano mkuu. Na watu hao walipatikana kwa bakuli. Ukikaa mwaka mmoja unatoka, maisha yako yote unaruhusiwa mara mbili tu. Wale hamsini wa kabila moja wanakuwa zamu sehemu moja ya kumi ya mwaka, na kati yao kila siku anaokotwa mmoja anakuwa mwenyekiti wa nchi nzima kwa usiku mmoja na mchana mmoja. Anashika funguo za hazina na mhuri wa serikali. Kesho jua likizama anamkabidhi mwenzake na harudii tena mpaka anakufa. Fikiria muuza samaki anaamka leo ndo mkuu wa Athens, kesho yuko sokoni na samaki zake.

Sasa lile jiwe. Mahakamani hawakuwa na jaji wa kuajiriwa, walikuwa na wananchi 6,000 wanaoapishwa kila mwaka, wenye miaka 30 na kuendelea. Kesi ya kawaida unakuta wamekaa 201 au 401, kesi nzito 501 au zaidi. Nani anakaa kesi gani? Kulikuwa na bamba la marumaru lililosimama lina matundu membamba yamepangwa safu kwa safu, linaitwa kleroterion, mnaisikia ile kleros humo ndani? Kila mtu ana kibao chake chenye jina, anakichomeka kwenye tundu. Pembeni kuna bomba, linatiwa gololi nyeupe na nyeusi zimechanganywa. Inatoka moja moja, ikitoka nyeupe safu ile nzima leo mna kazi, ikitoka nyeusi safu nzima chukueni vibao vyenu mrudi nyumbani. Na hii inafanyika asubuhi hiyo hiyo ya kesi. Kipande cha jiwe kama hilo mpaka leo kipo kwenye makumbusho ya Agora pale Athens.

Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Maana utamhonga nani? Hata yeye mwenyewe alfajiri hajui kama atakaa, wala atakaa kesi ipi, na wenzake ni mia tano. Halafu kuamua wanapewa vidude viwili viwili vya shaba vyenye kijiti katikati, kimoja kijiti kina tundu kingine kimeziba, unavishika kwa ncha za vidole hivi, (nikawaonyesha kwa kutumia kifuniko cha soda) unafunika pande zote mbili, hakuna anayejua umetumbukiza kipi wapi. Wazungumzaji wanapimiwa muda kwa chungu kinachovuja maji, maji yakiisha umekaa. Mimi ningepewa kile chungu saa hizi ningeshakaa.

Na kura zikilingana mshtakiwa anaachiwa. Ukiwauliza kwa nini, watakupeleka kwa Athena. Tamthilia ya Aeschylus ya mwaka 458 KK inaonyesha kesi ya Orestes aliyemuua mama yake kulipiza kisasi cha baba yake, imesikilizwa pale kilima cha Ares, kura zikawa sawa kwa sawa, Athena akawa upande wa kumwachia. Kilima chenyewe ni Areopago, hapo hapo Paulo alikuja kuhubiri habari ya Mungu asiyejulikana karne tano baadae.

Sasa ile ahadi yangu ya sanduku. Mwanafalsafa Aristotle aliandika wazi kwamba kuteua viongozi kwa bahati nasibu huhesabiwa ni jambo la demokrasia, na kuwachagua ni jambo la utawala wa wachache. Sababu haina kona nyingi. Kwenye kuchagua anashinda nani? Anayejulikana, mwenye jina la baba, mwenye hela ya kufanya karamu, mwenye mdomo. Bakuli halijui baba yako nani. (Na kichekesho ni kwamba Aristotle mwenyewe alikuwa mhamiaji, kwao Stageira kule kaskazini, ameishi Athens miaka na miaka anafundisha, hakuwa na kura yoyote pale, sio ya bakuli wala ya kunyoosha mkono.)

Ila hawakuwa wajinga wa kuokota kila mtu kwa kila kazi. Majemadari kumi walichaguliwa kwa kunyoosha mikono kila mwaka, na unaweza kurudia hata mara ngapi, ndo maana Pericles, yule kiongozi wao maarufu, alidumu, cheo chake kilikuwa ujemadari. Vita sio kitu cha kubahatisha. Na hata wale wa bakuli wanahojiwa kabla ya kuanza. Maswali nayapenda sana: baba yako nani, mama yako nani, makaburi ya ukoo wenu yako wapi, wazazi wako unawatendea vizuri, kodi unalipa, vitani ulienda? Hawakuulizi elimu. Hawakuulizi una mpango gani na nchi. Mwaka ukiisha mahesabu yako yanakaguliwa na mwananchi yeyote anaweza kukushtaki.

Watu wengi wakisikia hii wanasema aah hawa waliwaamini sana wananchi wa kawaida. Mimi nasoma tofauti. Naona hawakumwamini mtu yeyote. Muda mfupi, kamati kila mahali, kukaguliwa kuingia na kukaguliwa kutoka, hii ni nchi ya watu wanaojuana tabia! Hata kina mama kwenye mchezo hampigi kura kwa sababu mnapendana, mnapiga kwa sababu mkiachia mwenyekiti apange atamtanguliza shoga yake.

Mkutano mkuu wenyewe ulikuwa kilima cha Pnyx, mambo mengine lazima akidi ya watu 6,000. Karne ya nne KK walikuwa wanakutana mara 40 kwa mwaka, na watu walikuwa wanachelewa kama nyie leo. Aristophanes kwenye komedi yake ya mwaka 425 KK anachekesha kuhusu watu wanaopiga soga sokoni wanaikwepa kamba iliyopakwa rangi nyekundu. Kamba inapitishwa sokoni inawaswaga watu kwenda mkutanoni, ukiguswa nguo inachafuka kila mtu anajua ulikuwa unategea. Na polisi wa mji walikuwa watumwa wa serikali, Waskithia wenye pinde. Mtumwa anamswaga bwana aende akawe huru, sijui niseme nini hapo.

Na hapo ndo pabaya pa hii hadithi, siwezi kuruka. Wanaume raia inakadiriwa kati ya 30,000 na 50,000 karne ya tano KK. Wanawake nje. Wahamiaji nje hata kama umezaliwa pale. Watumwa nje, maelfu yao wako chini ya ardhi kwenye migodi ya fedha ya Laurion. Mwaka 483 KK kulipatikana fedha nyingi pale, wananchi wakataka wagawane drakma kumi kumi kila mtu, Themistocles akawashawishi wajenge merikebu za vita, na merikebu hizo ndo zilimpiga Mwajemi pale Salamis mwaka 480 KK. Tunamsifu Themistocles, ni sawa, lakini fedha ile ilichimbwa na watu ambao hawakuulizwa chochote. Na Pericles huyo huyo mwaka 451 KK akaleta sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama wote ni wa Athens, halafu yeye akaja kuishi na Aspasia wa Miletus na mtoto wao ikabidi aombewe ruhusa maalum ya kuwa raia. Sheria mkuki kwa nguruwe.

Kuhusu wanawake kuna hadithi ambayo watu hawaisimulii mpaka mwisho. Mnajua Athena na Poseidon waligombania mji, Poseidon akapiga mwamba maji ya chumvi yakatoka, Athena akaotesha mzeituni, Athena akashinda. Wengi wanaishia hapo. Lakini Augustino, yule askofu wa Hippo Afrika Kaskazini, amenukuu kwa Varro wa Roma habari nyingine: kwamba mfalme Cecrops aliitisha kura, siku hizo wanawake nao walikuwa wanapiga, wanaume wote wakaenda kwa Poseidon, wanawake wote kwa Athena, na wanawake walikuwa wamezidi kwa mmoja. Mmoja tu! Poseidon akakasirika akafurika maji kila mahali, na ili kumtuliza wanaume wakawaadhibu wanawake mara tatu: hawatapiga kura tena, watoto hawatachukua jina la mama, na hakuna mwanamke atakayeitwa Mwathene. Yaani mji ukabaki na jina la mungu wa kike waliyemchagua wanawake, na wanawake wenyewe wakanyang'anywa hilo jina. Watu waliotunga hiyo walijua kabisa wanafanya nini, mtu hatungi hadithi ya kuhalalisha kitu ambacho hakimuwashi.

Lakini kuna mahali pamoja bakuli liliwafikia wanawake. Kuna maandishi kwenye jiwe ya karne ya tano KK yanasema kuhani wa kike wa Athena Nike, Athena wa Ushindi, apatikane kati ya wanawake wote wa Athens, sio wa ukoo fulani, na alipwe drakma 50 kwa mwaka pamoja na miguu na ngozi za wanyama wa sadaka za umma. Sadaka za serikali, nyama na ngozi kwako! Mkutanoni hawezi kusema neno, hekaluni ndo mkuu.

Sasa kuna kura ya tatu, ya vigae. Kila mwaka wanaulizwa je mwaka huu tumfukuze mtu? Wakisema ndio, baada ya miezi miwili kila mmoja anakuja na kigae cha chungu kilichovunjika amekwaruza jina. Vikifika 6,000, mwenye jina lililotajwa zaidi ana siku kumi kuondoka, anakaa nje miaka kumi, mali zake haziguswi, akirudi anaendelea na maisha. Hakuna mashtaka, hakuna kosa. Umekuwa mkubwa mno basi, nenda ukapumzike. Aristides alikuwa anaitwa Mwenye Haki, mwandishi Plutarch anasimulia mtu mmoja wa shamba asiyejua kusoma alimfuata bila kumjua akamwomba amwandikie jina Aristides kwenye kigae. Akamuuliza kwani amekukosea nini? Akasema hata simjui, nimechoka tu kila mahali kusikia Mwenye Haki, Mwenye Haki. Aristides akaandika jina lake mwenyewe akamrudishia kigae, hakusema kitu. Akafukuzwa mwaka 482 KK. Miaka miwili baadae Waajemi wanakuja wakamwita arudi.

Ila msiwaone watakatifu na hapo. Kwenye kisima kimoja ubavuni mwa Acropolis, kile kilima cha mahekalu pale Athens, walichimbua vigae 190 hivi, vyote vina jina Themistocles, wataalamu wakaangalia miandiko wakakuta ni mikono 14 tu. Mnaelewa hapo? Kuna genge lilikaa usiku likaandaa kura tayari za kugawia watu. Themistocles kweli akafukuzwa baadae, na shujaa wa Salamis akaishia kwa mfalme wa Uajemi, kwa wale wale aliowazamisha.

Na ubaya mkubwa zaidi walioufanya waliufanya kwa mikono yao juu mchana kweupe. Mwaka 406 KK majemadari wao walishinda vita ya baharini Arginusae, ila dhoruba ikazuia kuokoa mabaharia waliobaki majini. Watu wakachachamaa, wakataka wahukumiwe wote kwa mpigo, kinyume na sheria iliyosema kila mtu na kesi yake. Kwenye ile kamati ya zamu, waliookotwa kwa bakuli, alikuwepo mzee mmoja fundi wa maneno, Socrates. Akagoma. Akasema hawezi kufanya kitu kinyume na sheria. Wenzake wakatishwa wakaogopa, majemadari sita wakauawa. Muda sio mrefu watu wakajuta, wakaanza kuwatafuta waliowadanganya.

Socrates alisemwa kwamba alikuwa anaidharau kura ya bakuli, eti nahodha hapatikani kwa kuokota harage, wala seremala, wala mpiga filimbi, mbona viongozi wa nchi? Na mwaka 399 KK wananchi waliookotwa kwa bakuli ndo waliomhukumu kunywa sumu. Alipoulizwa apendekeze adhabu yake mwenyewe akasema apewe chakula cha bure na serikali kama washindi wa Olympia. Mimi namkubali sana Socrates ila hapo mzee alijitafutia.

Sparta nitapita haraka, wana wafalme wawili kwa wakati mmoja, wasimamizi watano wa kila mwaka, na baraza la wazee waliopita miaka 60. Wazee hao wanachaguliwa kwa kelele. Watu wanafungiwa kwenye chumba hawaoni nje, wagombea wanapita mmoja mmoja, umati unapiga kelele, wale wa ndani wanaandika wa ngapi kelele zake zilikuwa kubwa. Aristotle aliita utoto.

Nimalizie na bakuli la mwisho. Kwa Wagiriki kuna akina dada watatu wa majaaliwa, Clotho anasokota uzi wa maisha, Atropos anaukata, na wa katikati Lachesis, jina lake ndo mgawa kura. Plato, mwanafunzi wa Socrates, anasimulia kuhusu askari mmoja aitwaye Er, alikufa vitani akazinduka siku ya kumi na mbili akiwa juu ya kuni za kumchomea, akaeleza aliyoyaona. Roho zinasimama mbele ya Lachesis, zinatupiwa kura, kila roho inaokota iliyoangukia karibu yake, namba hiyo ndo zamu yako ya kwenda kuchagua maisha mapya yaliyotandazwa chini. Yaani kwanza bakuli, halafu kuchagua. Wa kwanza akakimbilia ufalme wa kidikteta bila kuangalia vizuri, ndani yake kulikuwa kumeandikwa kwamba atakula watoto wake, akaanza kulia na kulaumu bahati.

Namba ya mwisho kabisa ilimwangukia Odysseus, yule wa farasi wa mbao, aliyehangaika baharini miaka kumi. Yeye alikuwa ameshachoka na makuu. Akazunguka muda mrefu anatafuta, mpaka akayakuta kwenye kona, wenzake wote wameyaruka, maisha ya mtu wa kawaida asiye na cheo anayefanya shughuli zake. Akayachukua kwa furaha akasema hata ningeokota namba moja ningechukua haya haya.

Haya, naona chai imeshaingia. Nani ana swali?